Favori za telefone yako: zilitoka wapi, na nani sasa anaomba kuzisoma?

Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi tunakigusa bila kukifikiria.

Kwenye telefone zetu kuna nyota ndogo. Ukifungua ukurasa wa intaneti ukaona unafaa, unagusa nyota ile na ukurasa unaingia katika orodha. Telefone zinazosema Kifaransa zinaiita orodha hiyo favoris, nyingine marque-pages. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya walioweka telefone zao katika Kiswahili wanasoma neno alamisho. Hapa tutasema favori, kwa sababu ndivyo tunavyosema.

Kwa miaka mingi orodha hiyo ilikuwa inalala tu. Mwanafunzi aliweka ukurasa wa matokeo ya Exetat, mama aliweka ukurasa wa dawa ya mtoto, kijana aliweka tangazo la kazi, halafu wakasahau. Sasa kuna jambo jipya. Programu za akili bandia, zile unazoandikia swali nazo zinakujibu kama mtu, zinaomba ruhusa ya kuingia katika favori zako na kutafuta humo kwa niaba yako. Kwa wengine ni jambo dogo: wanabonyeza "Kubali" na maisha yanaendelea. Lakini kwa mtu aliyehama na familia yake mara mbili au tatu, orodha ile inaweza kueleza mengi kuliko karte yake ya uchaguzi. Kwa hiyo ni vizuri kujua ilitoka wapi na ilipitia mikono ya nani.

Meza ya mwaka 1945

Mwezi wa Julai 1945, gazeti la Marekani The Atlantic Monthly lilichapisha makala ya Vannevar Bush. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Bush aliongoza ofisi ya serikali iliyosimamia utafiti wa sayansi kwa ajili ya vita, na alikuwa kati ya wakubwa walioanzisha mpango wa bomu la atomiki. Sisi Wakongomani tunaguswa na habari hiyo: sehemu kubwa ya urani ya mpango ule ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika machimbo ya Union Minière. Mwezi mmoja tu baada ya makala ile kutoka, tarehe 6 Agosti, bomu lilianguka Hiroshima.

Makala yenyewe haikuhusu bomu. Bush alilalamika kwamba watu wa sayansi wanaandika mengi kuliko mtu anavyoweza kusoma, na jambo la maana linapotea katikati ya karatasi. Akafikiria meza ya kazi na kuipa jina memex. Ndani ya meza hiyo mtu angehifadhi vitabu vyake, barua zake na maandishi yake yote katika filamu ndogo sana. Angebonyeza, na ukurasa ungeonekana kwenye kioo. Zaidi ya hapo, angeweza kuunganisha ukurasa mmoja na mwingine na kuacha njia, kama mtu anayevunja matawi porini ili ajue kurudi alikotoka. Hata baada ya miaka, angeweza kuifuata tena njia ileile, au kumpa rafiki nakala yake.

Meza hiyo haikujengwa. Lakini wazo lake lilibaki, na ndani yake kuna jambo moja la kukumbuka: meza ilikuwa nyumbani kwa mwenyewe. Aliyetaka kuona njia zako alipaswa kukuomba, nawe ungemkabidhi mkononi ile unayotaka aione. Nyingine zingebaki mezani.

Orodha inaingia katika kompyuta

Miaka 44 ilipita. Machi 1989, Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, aliandika pendekezo la kuunganisha maandishi ya kituo hicho kupitia kompyuta. Kutoka pendekezo lile tulipata web, yaani kurasa za intaneti tunazofungua leo. Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba kila mtu anaweza kuitumia bila kulipa.

Siku zile Google haikuwapo bado. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1998. Ukipata ukurasa mzuri leo, kesho unaweza kuukosa kabisa, maana anwani zake ni ndefu na ukikosea herufi moja hufiki. Kwa hiyo programu za kufungulia kurasa zikaanza kuweka orodha. Mosaic, iliyotolewa mwaka 1993 na Chuo Kikuu cha Illinois, ilikuwa na orodha ya namna hiyo. Netscape ilifuata mwishoni mwa 1994. Mwaka 1995 Microsoft ikaleta programu yake, Internet Explorer, na kuziita kurasa hizo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya vitu unavyovipenda. Wafaransa wakalitafsiri: favoris. Ndivyo neno lilivyofika hadi kwetu.

Orodha hiyo ilikuwa faili moja tu, iliyokaa ndani ya kompyuta yako. Hata leo, ukitaka kuhamisha favori zako kutoka programu moja kwenda nyingine, faili inayotoka mara nyingi inaandikwa kwa mtindo ule wa Netscape, na jina la Netscape liko kwenye mstari wa kwanza, ingawa kampuni yenyewe ilikwisha zamani.

Mtu aliyetaka kukusoma alipaswa kukaa mbele ya mashine yako. Hatari ilikuwa ya karibu: mke, mume, mwenzako wa kazi, au mteja wa jioni katika nyumba ya intaneti ambaye aliikuta mashine uliyoitumia asubuhi. Ulimjua, au angalau ulikuwa ukiishi naye mji mmoja.

Orodha inahama nyumba

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2003. Mmarekani Joshua Schachter alianzisha Delicious, mahali ambapo mtu aliweka favori zake kwenye intaneti badala ya kuziweka ndani ya kompyuta yake. Aliweza kuzipata popote, na watu wengine pia waliweza kuziona, kwa sababu kwa kawaida zilikuwa wazi kwa wote. Mwaka 2005 Yahoo ikainunua Delicious, na mwaka huohuo Google ikafungua mahali pake pa kuwekea favori. Baadaye programu zote kubwa zikawa zinaweka nakala ya orodha katika mashine za kampuni, ili favori za kompyuta zionekane pia kwenye telefone.

Tusidharau faida hiyo, hasa sisi. Telefone ikiibiwa sokoni, ikianguka ziwani, au ikibaki nyumbani siku ya kukimbia, mtu anaomba telefone ya jirani, anaingiza jina na neno lake la siri, na orodha yake inarudi yote. Kwa mtu aliyepoteza nyumba na makaratasi, hicho si kitu kidogo.

Lakini orodha imekuwa mpangaji, na mwenye nyumba anaweza kuuza au kufunga. Delicious iliuzwa mwaka 2011. Mwaka 2017 ilinunuliwa na mshindani wake Pinboard, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuongeza kitu ndani. Google ilifunga mahali pake pa favori Septemba 2021. Pocket, iliyoanza mwaka 2007 kwa ajili ya kuweka makala za kusoma baadaye na kununuliwa na Mozilla mwaka 2017, ilifungwa Julai 2025, na wenye orodha wakaambiwa wachukue mizigo yao.

Kurasa zenyewe pia zinakufa. Wazee wanasema akiba haiozi, lakini ya intaneti inaoza. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilionyesha kwamba katika kila kurasa 100 zilizokuwapo mwaka 2013, kama 38 zilikuwa hazipatikani tena miaka 10 baadaye. Favori inahifadhi anwani tu, ukurasa wenyewe unabaki kwa mwenyewe. Sisi tulilionja jambo hilo pia kwa namna nyingine: kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi yetu kwa karibu wiki tatu. Nyota zote zilikuwepo kwenye telefone, na hakuna hata moja iliyofunguka.

Orodha inasema kuliko ukurasa

Ukurasa mmoja hausemi mengi. Watu wengi wanasoma juu ya malaria, na wengi wanaangalia bei ya basi la Kampala. Hatari inaanza kurasa 10 zinapokaa pamoja katika orodha ya mtu mmoja.

Dunia ilijifunza hilo Agosti 2006. Kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani, kwa ajili ya watafiti, maneno ambayo wateja wake wapatao 650,000 walikuwa wameyatafuta kwenye intaneti kwa miezi mitatu. Majina yalikuwa yameondolewa na nafasi yake ikawekwa namba. Kwa siku chache tu waandishi wa habari walifuata namba moja, wakasoma magonjwa aliyoulizia, mji wake na jina la ukoo wake, wakafika mpaka mlangoni kwa mwanamke mjane ambaye hakujua kabisa kwamba anasomwa. Hakuna aliyeiba neno lake la siri. Ni orodha yenyewe iliyomtaja.

Habari ya pili iko karibu zaidi nasi. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ilitangaza kwamba watu wasiojulikana walikuwa wameingia katika kompyuta zilizokuwa na habari za watu zaidi ya 515,000. Walikuwa watu waliotengana na familia zao kwa vita, uhamaji au majanga, watu waliopotea, na watu waliofungwa. Habari hizo zilikuwa zimekusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Mwezi Mwekundu vya inchi zisizopungua 60. Kazi hiyo ya kuunganisha familia tunaijua hapa. Ndiyo inayorudisha watoto kwa wazazi wao baada ya kukimbia. Ikiwa shirika linalojua thamani ya siri, lenye mafundi na sheria zake, lilifikiwa namna hiyo, basi hakuna orodha iliyo salama kwa sababu tu anayeitunza ni mtu mwema.

Sasa tuangalie orodha ya mkimbizi wa vita. Ndani yake kuna ukurasa wa habari za kijiji chake. Kuna masharti ya kuomba ukimbizi Uganda. Kuna dawa ambayo mtu wa nyumba yake anakunywa kila siku. Kuna kanisa au chama anachofuata, na makala juu ya kundi lenye silaha lililomfukuza. Kwa kurasa tano tu, asiyemjua anajua ametoka wapi, anaelekea wapi, nani anaumwa, na anamwogopa nani. Kwenye bariere, watu wamepata matatizo kwa picha moja tu iliyokutwa kwenye telefone.

Msaidizi anabisha hodi

Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ilifungua ChatGPT kwa watu wote. Mwanzoni wasaidizi hawa walijibu kwa yale waliyofundishwa tu. Mambo yako hawakuyajua. Kisha kampuni zikaanza kuwafungulia milango. Agosti 2024 Google ilitangaza kwamba programu yake ya Chrome itamruhusu mtu kuuliza, kwa maneno ya kawaida, juu ya kurasa alizowahi kufungua. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa kanuni ya wazi, Model Context Protocol, inayoonyesha namna ya kumuunganisha msaidizi na mafaili au programu nyingine. Kwa njia kama hiyo mafundi wanaweza kumuunganisha na favori. Mwaka 2025 zikaja programu za intaneti zenye msaidizi ndani yake: Comet ya Perplexity mwezi wa Julai, Atlas ya OpenAI mwezi wa Oktoba.

Kazi yenyewe inaendaje? Favori moja inabeba kichwa cha ukurasa, anwani yake, siku uliyoiweka na jina la folda. Ukiuliza, "ule ukurasa wa chanjo niliouweka kabla ya kuhama uko wapi?", msaidizi anapitia orodha, anachagua zinazofanana na swali, anasoma vichwa vyake, na mara nyingine anafungua kurasa zenyewe. Mara nyingi kusoma huko hakufanyiki ndani ya telefone yako. Maneno yanatumwa kwenye mashine za kampuni, mbali sana na hapa, halafu jibu linarudi.

Faida yake ni ya kweli. Mama asiyesoma Kifaransa vizuri anaweza kuuliza kwa Kiswahili, na msaidizi akamtafutia ukurasa wa Kifaransa alioekewa na mtoto wake, akamweleza kilichoandikwa. Mwalimu mwenye favori 300 hawezi kuzipitia moja moja na mega alizonazo. Anayemwambia mtu kama huyo "usitumie kabisa" hajui shida yake.

Lakini kuna mambo matatu ya kujua kabla ya kumkaribisha.

La kwanza, mlango haufunguki nusu. Kwenye Chrome, programu ndogo inayoongezwa na kuomba ruhusa ya favori inapewa kusoma na kubadilisha orodha yote. Hakuna ruhusa ya kusema "soma folda ya shule, acha ya hospitali". Tumekuwa mbali na meza ya Bush, ambako ulitoa njia moja na kubaki na nyingine.

La pili, msaidizi anaweza kudanganywa na ukurasa anaousoma. Agosti 2025 watafiti wa kampuni ya Brave walionyesha kwamba amri iliyofichwa katika maandishi ya ukurasa wa intaneti iliweza kumfanya msaidizi wa Comet amtii aliyeiandika, badala ya kumtii mwenye kompyuta. Favori ulizokusanya miaka yote ziliandikwa na watu usiowajua. Wewe ukisoma ujinga unapita. Yeye anaweza kuuchukua kama amri.

La tatu linatuhusu sisi kuliko wengine: msaidizi hajui kilichobadilika hapa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi kubwa zilizouzunguka mji wa Goma, kama Kanyaruchinya na Bulengo, zilibaki bila watu. Kurasa zilizotaja ugawaji wa chakula au mahali pa kliniki katika kambi hizo zinaweza kuwa bado zimo katika favori za watu. Msaidizi anayesoma kichwa cha ukurasa bila kuangalia tarehe anaweza kumtuma mama na watoto wake kilomita nyingi kwa miguu, mpaka mahali ambapo hema hazipo tena. Ukurasa ulikuwa wa kweli siku ulipowekwa. Jibu la leo ndilo litakuwa la uongo.

Kabla ya kubonyeza "Kubali"

Kila hatua ya historia hii ilileta urahisi, na kila mara ufunguo ulisogea mbali kidogo na mwenye orodha: kutoka mezani kwake, kwenda ndani ya kompyuta yake, kwenda kwenye mashine za kampuni, na leo kwa msaidizi anayesoma kwa niaba yake. Hakuna anayetulazimisha kuifuata hatua ya mwisho kwa mbio.

Uliza kwanza: orodha yangu itasomwa ndani ya telefone, au itatumwa mahali? Ikiwa inatumwa, inahifadhiwa kwa muda gani, na je, inatumika kufundishia akili bandia? Majibu yanapaswa kuwa kwenye sehemu ya mipangilio au ya siri za mtumiaji, ile ambayo Kifaransa kinaiita confidentialité. Kama hakuna jibu, usifungue.

Ukihitaji msaada kwa ukurasa mmoja, mpe ukurasa huo mmoja. Shika anwani yake, ikopi, ibandike katika swali lako. Utapata jibu unalolitaka, na nyingine 299 zitabaki kwako.

Futa zile zilizokwisha kazi. Ukurasa wa kambi iliyofungwa unakula nafasi, na kesho unaweza kumpotosha mtu. Jibu lolote juu ya chakula, kliniki au njia ya kupita, uliza kwanza tarehe yake, halafu thibitisha kwa radio, kwa mkubwa wa mtaa au kwa shirika lenyewe, kabla ya kufunga mizigo.

Na kumbuka kwamba telefone nyingi hapa si za mtu mmoja. Baba anapobonyeza "Kubali", anafungua pia kurasa za mama, za binti, na za mdogo wake aliyeiazima wiki iliyopita. Wao hawakuulizwa. Waulizeni, leo jioni, mkiwa wote nyumbani. Fungueni orodha ile pamoja, mpitie moja moja, na kwa kila nyota mjiulize: hii tungependa isomwe na mtu tusiyemjua? Zile ambazo jibu lake ni hapana, zifuteni kabla ya kumfungulia msaidizi yeyote.